Epsodi Mbili Zilizowekwa Mpaka Idi

Wadau wa mwaka 2019 mnazikumbuka zile Jumatatu. Epsodi inaruka Marekani Jumapili saa tatu usiku, ambayo kwa saa za Bongo ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Ukiamka saa kumi na mbili kujiandaa na kazi, umeshachelewa. Status zimeshamwaga mchele kwenye kuku wengi: nani kadedi, nani kamsaliti nani, nani kapanda joka. Game of Thrones ilikuwa imefika sizoni ya nane, ya mwisho, epsodi sita tu kuanzia Aprili 14 hadi Mei 19. Sizoni ya saba ilikuwa imeisha Agosti 2017, kwa hiyo watu walikaa na arosto zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Kwenye hiyo foleni ya kusubiri walikuwemo ndugu wawili wa tumbo moja. Mdogo alikuwa Mwananyamala, kwenye kibanda cha wakala wa kutuma pesa, miaka ishirini na minne. Dada yake alikuwa Muscat tangu mwanzoni mwa 2017, kazi za ndani, nyumba ya ghorofa mbili yenye watu kumi na moja. Walianza kuiangalia pamoja mwaka 2013 kwenye laptop ya binamu yao, betri imekufa, ikichomoka waya tu imezima. Ile harusi ya damu ya sizoni ya tatu ilipopita, dada mtu aligoma kula ugali wa usiku, mama akadhani kaachwa na mtu.

Baada ya safari ya Muscat, hiyo tamthilia ndiyo ikawa sebule yao. Ukiangalia meseji zao za wiki nzima zilikuwa za aina moja: mama anaendeleaje, hela imefika, ada ya mdogo wetu wa kiume imelipwa, niko poa. "Niko poa" ilikuwa haina mwisho. Lakini Ijumaa saa tatu usiku ya Dar, saa nne ya Muscat, watoto wa ile nyumba wakishalala, mmoja anaandika "tayari?", mwingine anaandika "bonyeza", na kwa saa nzima wanatumiana voisi noti za kunong'ona. Hapo ndipo dada mtu alikuwa anacheka. Hapo ndipo alikuwa anatukana wahusika kwa Kizaramo.

Kwa hiyo unaposikia mtu anasema "ni tamthilia tu, povu la nini", elewa kwamba kuna nyumba ambazo hiyo tamthilia tu ilikuwa imebeba mzigo mwingine kabisa.

Sizoni ya nane ilianza vizuri. Epsodi ya pili, ile ya watu kukaa kuzunguka moto wakijua kesho wanakufa, wachambuzi waliisifia na wao pia waliipenda. Yule mwanamke Brienne alipopewa ushujaa rasmi mbele ya wanaume, dada mtu alituma voisi noti ya sekunde nne, hamna neno hata moja ndani yake, ni kuvuta makamasi tu.

Kisha ikaja ya tatu, vita vya usiku. Dakika 82, picha zilizopigwa usiku wa nje kwa wiki nyingi, vita ambavyo watu walikuwa wameahidiwa tangu sizoni ya kwanza. Na haikuonekana. Si kwa mafumbo, haikuonekana kwa macho. Hata Marekani kwenye televisheni za bei mbaya watu walilalamika giza. Sasa fikiria Mwananyamala, kopi ya mia tano kutoka laibrari ya muvi, imebanwa mpaka imekuwa megabaiti mia mbili, inachezwa kwenye TV ya chogo. Ilikuwa redio. Kijana wa laibrari siku hiyo alirudishiwa flashi na watu wasiopungua sita, wote wanadai kawapa kopi mbovu, mmoja anataka mia tano yake hapo hapo. Baadaye mpiga picha wa ile epsodi, Fabian Wagner, akatoa maelezo kwamba kazi yake haina tatizo, watu ndio hawajui kuseti televisheni zao. Yule kijana alilisoma tamko hilo kwa sauti mbele ya wateja wake kama mtu anayesoma hati ya kuachiwa huru.

Dada mtu yeye aliangalia kwenye simu, amejifunika shuka ili mwanga usitoke nje. Ndiyo maana aliona kidogo. "Wewe umeona nini?" mdogo akamuuliza. "Nimeona moto, nimeona meno, halafu yule mtoto wa kike karuka kamchoma Mfalme wa Usiku, basi." Miaka nane ya kutishiwa na baridi, imeisha kwa mruko mmoja. Wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na wasiwasi.

Epsodi ya nne ikaja na kikombe cha kahawa. Mtu alikisahau mezani, mbele ya malkia, dunia ya mapanga na majoka, na hakuna aliyekiona mpaka kilipofika hewani. HBO wakakifuta baadaye kwa kompyuta. Hicho kikombe kilichekwa dunia nzima, lakini ukiwauliza mashabiki wenyewe, si kikombe kilichowauma. Kilichowauma ni joka kupigwa mishale kutoka kwenye meli zilizokuwa zinaonekana baharini mchana kweupe, halafu waandishi wanaeleza kwenye kipande cha nyuma ya pazia kwamba malkia alikuwa kama amezisahau zile meli. Kazisahau! Epsodi hiyo hiyo walikuwa wamekaa kikao wakizijadili. Kibongo bongo tuna neno la kazi ya namna hiyo: wamelipua. Fundi akilipua kabati lako unaliona wiki ya pili, mlango haufungi. Hawa walilipua mbele ya kamera na bado wakaja kueleza.

Ramadhani ikaingia wiki hiyo hiyo.

Dada mtu akasema yeye mwezi mtukufu haangalii. Na kusema ukweli ile si tamthilia ya kuangalia ukiwa umefunga, mwenye macho anajua. "Tuziweke mpaka Idi," akaandika. "Zote mbili. Tuangalie pamoja, mwanzo mwisho, hakuna kulala. Usiniambie kitu, mdogo wangu. Hata nikikuuliza usiniambie." Akajitoa kwenye kundi la WhatsApp, akafuta Insta kwenye simu. Mdogo akakubali. Akaahidi na yeye hatatangulia.

Ahadi ya kutoangalia aliitunza. Ila kuna mambo mawili tofauti hapa, kutoangalia na kutojua, na la pili halikuwezekana kwa mtu mwenye simu mkononi na watu zaidi ya mia mbili kwenye kundi. Jumatatu ya Mei 13, saa ya daku, ameshika bakuli la uji mkono mmoja, simu mkono mwingine, akafungua kundi bila kufikiria. Meseji mia nne na kitu. Kabla uji haujapoa alikuwa anajua kwamba mji ulishapiga kengele za kujisalimisha, na Mama wa Majoka akauchoma hivyo hivyo, na watoto ndani.

Kuanzia hapo akawa anasoma uchambuzi kuliko alivyowahi kusoma kitu chochote tangu amalize kidato cha nne. Kulikuwa na yule kijana wa Insta mwenye ukurasa wa muvi, ambaye huwa anapandisha maoni yake epsodi ikiwa bado haijapoa. Akaipa moja kati ya kumi na kuandika kwamba anayeipenda hii hajui kuangalia muvi. Kulikuwa na wale wa kusifia kila kitu, ambao hata kikombe cha kahawa walisema kina maana yake iliyofichika. Kulikuwa na kurasa za Kizungu ndefu, zenye kupima kila tukio na lilivyotayarishwa tangu sizoni ya pili, na hizo kwa kweli zilikuwa na akili, zilimfanya akumbuke vitu alivyovisahau: kwamba sizoni sita za kwanza zilikuwa na epsodi kumi kumi, ya saba ikawa na saba, hii ya mwisho sita. Kwamba vitabu vya George R. R. Martin viliishia cha tano mwaka 2011 na vingine viwili havijatoka, kwa hiyo waandishi wa runinga, David Benioff na D. B. Weiss, walikuwa wanatembea bila ramani yake. Kwamba kuna wazazi Marekani waliowapa mabinti zao jina la Khaleesi na sasa wanajikuna vichwa. Ombi la mtandaoni la kutaka sizoni nzima irudiwe na waandishi wengine lilikusanya saini zaidi ya milioni moja. Na yeye akasaini. Akasaini kupinga epsodi ambayo hajaiona.

Hapo pa kusaini ndipo pana jambo. Wiki moja baadaye alikuwa na hasira kamili, yenye hoja saba, yenye mifano, na hakuna hata picha moja ya hiyo hasira iliyotoka kwenye macho yake mwenyewe. Alikuwa ameiazima. Uchambuzi mzuri unakusaidia kuiona kitu ulichokiona vibaya, lakini ukiusoma kabla, unakuwa kama mtu aliyeonjewa pilau na watu kumi: likifika kwenye sahani yako unatafuta chumvi iliyozidi.

Mei 20 ikaja ya mwisho. Watu milioni 19.3 waliiangalia Marekani usiku ule, rekodi ya HBO, na inaonekana nusu yao walikwenda moja kwa moja mtandaoni kutema povu. Bran mfalme. Bran! Kijana ambaye sizoni nzima alikuwa amekaa kwenye kiti anatazama watu kama mwenye nyumba anayesubiri kodi.

Sasa mdogo akabaki na swali. Dada yake anafanya kazi kuanzia alfajiri mpaka watu wamalize kula usiku wa manane, maana Ramadhani kule jikoni halilali: sambusa, vitumbua, luqaimati, wageni. Meseji zake za mwezi ule zilikuwa fupi, ila kila moja iliisha na hesabu: zimebaki siku kumi na nne. Zimebaki tisa. Alikuwa hahesabu Idi. Alikuwa anahesabu epsodi. Je, umwambie kwamba anachokihesabia ni bomu? Au umwache afike nacho hivyo hivyo?

Akamuuliza yule kijana wa laibrari, ambaye kibanda chake kinatazamana na cha kwake.

"Mwambie tu, sista. Asipoteze bando lake."

"Anatumia wifi ya bosi."

"Basi asipoteze Idi yake. Mi mwenyewe siku hizi mtu akija kuitaka namwambia chukua, ila flashi usinirudishie."

Hakumwambia. Mara mbili aliandika meseji ndefu, mara mbili akaifuta. Mara ya tatu ilikuwa dada mtu mwenyewe aliyeuliza, saa saba usiku: "Ni nzuri lakini? Niambie hilo tu." Mdogo akaandika, "Sijaangalia, dada." Ilikuwa kweli, na haikuwa jibu.

Katikati ya mwezi ikaja voisi noti ndefu kuliko kawaida. Ile nyumba ilikuwa na bibi, mama wa mwenye nyumba, mtu wa asili ya Unguja anayeongea Kiswahili kizuri kuliko sisi wote. Kila usiku baada ya futari familia ilikaa mbele ya televisheni kwa ajili ya tamthilia za Kiarabu, maana huko Ramadhani ndiyo msimu wake, tamthilia moja epsodi thelathini, kila siku moja. Bibi alikuwa na yake ya zamani, Bab al-Hara ya Syria, iliyoanza 2006 na kurudi Ramadhani baada ya Ramadhani, waigizaji wakipungua na wengine kuletwa, mpaka waliobaki ni majina. Dada mtu akiwa anakusanya vikombe akamsikia bibi analalamika peke yake. Akamuuliza, "Bibi, kama imeharibika mbona unaiangalia?" Bibi akamjibu, "Haina ladha tena, mwanangu. Lakini nilikuwa nikiitazama na marehemu mume wangu. Nikiizima sasa, nitakaa na nani saa hizi?" Dada mtu aliisimulia hiyo huku anacheka. Mdogo aliisikiliza mara tatu na hakucheka.

Idi pili, saa tano usiku Muscat, familia imekwenda kwa ndugu zao Nizwa, nyumba imebaki na dada mtu na bibi aliyelala. "Tayari?" "Bonyeza."

Epsodi ya tano ni saa moja na dakika kama ishirini. Mdogo aliiangalia kama mkaguzi wa mahesabu, kila tukio analipigia tiki kwenye orodha yake: hapa ndipo walipokosea, hapa ndipo wachambuzi walisema. Kengele zikalia. Mama wa Majoka yuko juu ya joka lake, ameshinda, uso unatetemeka. Mdogo akawahi kutuma, "Unaona sasa! Hii haina msingi kabisa! Wamemharibu!" Ni maneno ya yule kijana wa Insta, neno kwa neno.

Muscat kimya. Mji umeanza kuwaka, watu wanakimbia kwenye vichochoro vya majivu, na Muscat kimya. Ilipoisha ndipo ikaingia voisi noti, dakika sita.

Dada mtu hakuona kama wamemharibu. Alisema, mtu ametoka kwao, kavuka bahari, kafika nchi ya watu. Kawapigania vita vyao, wale wa baridi. Mshauri wake kafa akimkinga. Rafiki yake wa pekee, yule Missandei aliyekuwa anamsuka nywele, kakatwa kichwa mbele yake. Kwenye sherehe watu wote wanamkumbatia mwanaume, yeye kakaa peke yake na kikombe. "Kikombe hicho mlichokicheka," akasema. "Umemwangalia uso wake lakini? Hakuna hata mmoja anayemuita kwa jina lake. Miezi. Halafu mnasema kawa kichaa ghafla. Si ghafla, mdogo wangu. Nyie mlikuwa hamumwangalii."

Akanyamaza kidogo, ikasikika feni.

"Wamekimbiza, hilo kweli. Ilitakiwa tukae naye zaidi. Ila hasira ile ninaijua. Kuna siku hapa, wakinipigia kengele ile ya mezani, naangalia jiko zima naona moto. Siwezi kufanya kitu. Ila naona."

Mdogo hakuwa amejua kwamba kuna kengele ya mezani.

Hakujua vitu vingi, ikaonekana usiku ule. Epsodi ya mwisho hawakuibonyeza mpaka saa nane, kwa sababu waliongea. Kwamba mwaka wa kwanza, nyumba nyingine, kabla ya hii, simu yake ilikuwa inafungiwa kabatini mpaka Ijumaa. Kwamba hiyo ndiyo sababu ya Ijumaa, mdogo alikuwa anadhani ni mapumziko. Kwamba hii nyumba ya sasa ni nzuri, bibi ni mtu, mshahara unalipwa, na bado. Mambo ya miaka miwili na nusu ambayo "niko poa" ilikuwa imeyakalia.

Ya mwisho ndiyo iliyomuudhi dada mtu, na hapa aliungana na milioni moja wale, ila kwa sababu yake mwenyewe. Suala la Bran hakulijali sana. Kilichomtoa povu ni kile kikao cha wakubwa baada ya malkia kuuawa: wanakaa, wanachagua mfalme, baadaye kidogo wako mezani wanataniana habari za meli na madanguro. "Kafa mtu aliyewaokoa na wale wafu wote, na hakuna hata mmoja aliyemlilia ila joka. Joka ndilo lililombeba. Binadamu wote wale!" Alirudia hiyo mara tano. Kwenye kurasa zote alizosoma mdogo, ndefu kwa fupi, hakukumbuka mchambuzi hata mmoja aliyeanzia hapo.

Halafu akauliza kuhusu yule mwanajeshi, Grey Worm, kama ni kweli ameondoka kwenda Naath, kwao yule msichana. Mdogo akasema ndiyo, kapanda meli. "Huyo kafanya la maana," dada mtu akasema. Saa kumi alfajiri ikafika, na yeye saa moja baadaye alitakiwa kuwa jikoni.

Septemba mwaka ule tamthilia ilichukua tuzo ya Emmy ya drama bora, sizoni hiyo hiyo iliyotukanwa, iliyokuwa imeingia na uteuzi 32, rekodi. Makundi yakawaka upya. Dada mtu alikuwa bado Muscat. Mkataba uliisha Agosti, akasaini mwaka mmoja zaidi, kwa sababu mdogo wao wa kiume alikuwa amepata chuo na boom la serikali halikumfikia. Meseji yake iliingia alfajiri, ni picha ya habari ya tuzo na maneno mawili: "Si nilikwambia."

Mdogo akamjibu, "Wakishamaliza kupiga makofi waulize zile epsodi nne zilizobaki wameziweka wapi."

Kisha akafuta, akaandika upya: "Dada, jana walikupigia ile kengele?"